Milinganyo iliyokwama, aya zisizo na mwili: kisa cha mwanafunzi wa darasa la saba anayesomea nyumbani

Mwanafunzi ni msichana wa miaka 12, darasa la saba kwa mpangilio wa Marekani. Anaishi Houston, Texas, na wazazi waliotoka Tanzania. Nyumbani wanazungumza Kiswahili; Kiingereza chake ni cha mtoto aliyekulia hukohuko. Aliondolewa shule ya umma mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mama akachukua hisabati na uandishi, baba masomo mengine. Baada ya wiki sita kila somo la hisabati lilikuwa linaishia kwa machozi, na insha zilikuwa safi kwa macho lakini tupu. Kisa hiki ni cha mfano: familia si ya mtu fulani, ila makosa yaliyomo ni yale yanayojirudia kwa watoto wa umri huu, na tumeyaweka kwa mtoto mmoja ili yaonekane yanavyoshikana.

Texas inaiachia familia uhuru mkubwa. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Texas katika kesi ya Leeper mwaka 1994, shule ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule binafsi. Masomo matano yanatakiwa yafundishwe kwa nia ya kweli: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema, kwa mtaala ulioandikwa au ulio kwenye kompyuta. Mzazi haulizwi cheti cha ualimu, wala mtoto halazimiki kufanya mtihani wa jimbo. Uhuru huo una gharama yake: hakuna mtu wa nje atakayemwambia mama mtoto amekwama wapi. Ni lazima apime mwenyewe, na mama huyu alikuwa hajapima. Alinunua kitabu cha utangulizi wa aljebra kwa sababu jalada liliandikwa darasa la saba, akaanza ukurasa wa kwanza.

Kipimo kilichofanyika wiki ya saba kilikuwa cha maswali 20, dakika 40, bila kikokotoo, na kila hatua iandikwe. Maswali 4 yalikuwa ya kuzidisha na kugawanya namba nzima, 6 ya sehemu, 4 ya namba hasi, 3 ya mpangilio wa matendo na 3 ya milinganyo. Mtoto alipata 8. Alama hiyo peke yake haina kazi kubwa. Chenye kazi ni alichoandika pale alipokosea, kwa hiyo tunakaa hapo.

Namba nzima alipata zote 4, pamoja na 408 ÷ 12. Jedwali la kuzidisha analo. Hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu mtoto asiye na jedwali hawezi hata kutafuta asili ya shirika, yaani namba moja ya chini inayofaa sehemu zote mbili, bila kuchoka.

Kwenye sehemu alipata 2 kati ya 6. Aliandika 1/2 + 1/3 = 2/5: amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kwa 3/4 − 2/5 akaandika 1/1, yaani 3 − 2 juu, na chini, kwa kuwa 4 haitoshi kutoa 5, akageuza. Kwa 2 na 1/2 − 1 na 3/4 akapata 1 na 1/4: ametoa 1 kwenye 2, kisha akatoa nusu kwenye robo tatu kwa kuwa robo tatu ndiyo kubwa. Kwa 5/6 ÷ 1/3 alipindua sehemu ya kwanza badala ya ya pili, akapata 6/15. Swali la kuzidisha alilipata. La sita liliuliza ipi kubwa kati ya 5/8 na 3/5. Alichagua 5/8, na ndiyo kweli, lakini pembeni aliandika: "kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 5." Hilo ni kosa lililopewa alama ya vema. Angeulizwa kati ya 3/8 na 2/5 angekosa kwa sababu ileile. Mzazi anayesahihisha kwa kutazama jibu tu hulipita kila siku.

Namba hasi zinaonyesha kitu kingine. 4 − (−6) alipata 10, na −5 × −3 alipata 15. Lakini −2 − 9 akaandika 11, na −7 + 3 akaandika −10. Hapa mtoto habahatishi, anafuata kanuni. Ameshika kwamba hasi na hasi ni chanya, hasi na chanya ni hasi. Kanuni hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. Yeye anaipeleka kwenye kujumlisha na kutoa pia, na kwa bahati mbaya mara nyingine inampa jibu sahihi, kwa hiyo hana sababu ya kuitilia shaka.

Mpangilio wa matendo alikosa yote matatu, na hapa nyumba na kitabu vilikuwa vinavutana. Mama alimfundisha MAGAZIJUTO kama alivyofundishwa yeye shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kitabu cha Marekani kina kifupisho chake, PEMDAS, ambacho kinataja mabano, vipeo, kuzidisha, kugawanya, kujumlisha, kutoa. Mtoto akaona kimoja kinaanza na kugawanya na kingine na kuzidisha, akafuata cha kitabu: 24 ÷ 4 × 2 akazidisha kwanza, 24 ÷ 8, akapata 3. Jibu ni 12. MAGAZIJUTO ingemfikisha salama hapo, maana kugawanya kabla ya kuzidisha hakuharibu jibu. Lakini 10 − 3 + 2 vyote viwili vinampoteza aliyevishika neno kwa neno, kwa sababu vyote vinataja kujumlisha kabla ya kutoa: 3 + 2 ni 5, 10 − 5 ni 5. Jibu ni 9. Na MAGAZIJUTO haina vipeo kabisa, na kwenye 3 + 2 × 4² mtoto aliirudia hiyo ya mama, akaifanya 3 + 8², akapata 67 badala ya 35.

Milinganyo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikileta machozi, sasa inajieleza. x + 9 = 4 aliandika x = 5, kwa kuwa haamini hasi. 3x = 2 aliandika x = 1.5, kwa kuwa kwake kubwa hugawanywa kwa ndogo, si vinginevyo. Na 5x − 3 = 2x + 12 akaandika 7x = 9: amevusha 2x na −3 kila mmoja upande wa pili bila kubadili alama. Makosa mawili ya kwanza si ya aljebra. Ni ya sehemu na hasi, yamevaa herufi x. Mama alikuwa amerudia sura ya milinganyo mara tatu, na kila mara alikuwa anatibu mahali pasipouma.

Sasa uandishi. Aya ya wiki ya kwanza, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ilihusu simu shuleni, mada iliyokuwa ikizungumzwa sana Texas baada ya jimbo kupitisha sheria mwaka 2025 ya kuwazuia wanafunzi wa shule za umma kutumia simu katika siku ya shule:

"Simu zisiruhusiwe shuleni kwa sababu ni mbaya. Watoto wanacheza gemu na pia wanaandikiana meseji na pia hawasikilizi na pia wanapoteza muda. Simu ni mbaya sana kwa hiyo zisiruhusiwe."

Aya za Kiingereza zilikuwa na umbo lilelile. Mama alikuwa amesahihisha moja kwa kalamu nyekundu, alama 23. Tatu kati ya hizo hazikuwa makosa: aliongeza herufi u katika maneno ambayo Marekani huyaandika bila hiyo. Zilizobaki zilikuwa tahajia, herufi kubwa na mikato. Mtoto alinakili upya akiwa amerekebisha yote, na aya ikabaki na upungufu uleule. Hakuna alama hata moja iliyouliza swali la msingi: mbaya kwa nini? Sababu ya kwanza ni dai lenyewe limerudiwa kwa neno jingine. Sentensi ya pili ina mambo manne, hakuna hata moja lililofunuliwa. Ya tatu ni ya kwanza imegeuzwa.

Ukiweka karatasi mbili pamoja, ya hisabati na ya insha, ugonjwa ni mmoja. Mtoto anajua kwamba jibu linatakiwa, hajui kwamba sababu nayo inatakiwa. Madarasa ya chini humvumilia. Darasa la saba halimvumilii tena. Na hapa ndipo nyumbani panapozidi shule, kwa sababu mwalimu wa hisabati na wa uandishi ni mtu mmoja, meza ni moja, na swali moja linaweza kuulizwa kwenye masomo yote mawili hadi mtoto ajiulize mwenyewe: "Umejuaje?"

Mpango ulikuwa wa wiki 12. Kitabu cha aljebra kilifungwa kwa wiki 7 za mwanzo.

Sehemu zilipewa wiki 4, na vifaa vilikuwepo jikoni. Seti ya vikombe vya kupimia ya Marekani huwa na kikombe 1, 1/2, 1/3 na 1/4. Siku ya kwanza mtoto alijaza mchele kikombe cha nusu na cha theluthi, akamimina vyote kwenye kikombe kizima. Kiasi kikapita nusu kwa mbali.

"Jibu lako lilikuwa 2/5," mama akasema. "Hiyo imepita nusu au haijafika?"

"Haijafika, mama."

"Basi umejuaje kwamba ni 2/5?"

Hilo ndilo zoezi zima. Kabla ya kukokotoa, mtoto anaandika makadirio: chini ya nusu, juu ya nusu, zaidi ya moja. Kisha anakokotoa. Vikiachana, kimoja kina kosa. Seti haina kikombe cha 1/6, na huo ndio wakati wa kuingia kwenye karatasi: mstatili wa safu 2 na nguzo 3, visanduku 6, nusu ni visanduku 3, theluthi ni 2, jumla 5/6. Asili ya shirika inakuja kama ukubwa wa kisanduku kinachoingia kwenye sehemu zote mbili, wala haiji kama kanuni iliyoshuka kutoka juu.

Kiswahili kina msaada hapa ambao wazazi wengi wameuacha. Ukisoma 3/8 "tatu juu ya nane", mtoto anaona namba mbili, na namba mbili humshawishi ajumlishe mara mbili. Ukisema thumuni tatu, anaona vitu vitatu vya aina moja. Thumuni tatu na thumuni mbili ni thumuni tano, kama maembe. Humusi (1/5), sudusi (1/6) na thumuni (1/8) si maneno ya kila siku, na wazee wengi wanaikumbuka thumuni kama senti hamsini tu, lakini yanajifunzwa kwa siku moja na yanaondoa kosa ambalo kanuni imeshindwa kuliondoa. Kugawanya vilevile: 5/6 ÷ 1/3 inasomwa "theluthi imo mara ngapi ndani ya sudusi tano?" Theluthi ni sudusi mbili, ndani ya sudusi tano imo mara mbili na nusu. Kupindua kulifundishwa baadaye, wakati mtoto tayari anajua jibu liwe kubwa kuliko 1.

Kwa namba zenye sehemu mchanganyiko ilitumika futi ya fundi, iliyogawanywa kwa inchi, nusu, robo, thumuni na sehemu za 16. Kutoka 1 na 3/4 hadi 2 na 1/2 unahesabu robo kwa kidole: tatu. Jibu la 1 na 1/4 likaonekana halina mahali.

Namba hasi zilipewa wiki 2. Utepe wa karatasi wenye gundi ulibandikwa kwenye korido, kutoka −12 hadi 12, inchi 6 kati ya alama na alama, futi 12 kwa jumla. −2 − 9: simama −2, rudi hatua 9, umefika −11. Kanuni ya alama ilipigwa marufuku kwa wiki hizo mbili, hata pale ilipokuwa sahihi. 4 − (−6) ilielezwa kwa deni: una dola 10 mfukoni na unadaiwa 6, mali yako halisi ni 4, anayekudai akilifuta deni, una 10. Kuzidisha hasi kukarudishwa mwishoni, kwenye ukurasa wake tofauti wa daftari, na kichwa kilichosema kanuni hii ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Mpangilio wa matendo ulichukua wiki 1. Vifupisho vyote viwili viliwekwa kando, ikaandikwa ngazi ya vidato vinne: mabano; vipeo; gawanya na zidisha, kutoka kushoto kwenda kulia; jumlisha na toa, kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mstari tendo moja tu, lipigiwe mstari, na yaliyobaki yashushwe kama yalivyo. Mtoto anayefanya matendo mawili kwenye mstari mmoja huangusha alama njiani.

Kisha wiki 5 za milinganyo. Hakuna kuvusha. Ni mizani: unalofanya upande huu unalifanya na upande ule, na unaliandika. 5x − 3 = 2x + 12; toa 2x pande zote, 3x − 3 = 12; ongeza 3 pande zote, 3x = 15; gawanya kwa 3, x = 5. Halafu kurudisha: 25 − 3 ni 22, 10 + 12 ni 22. Bila mstari wa kurudisha, swali halijaisha.

Kila kipindi kilikuwa cha dakika 50: dakika 8 za maswali 5 ya zamani (1 la jana, 2 ya wiki iliyopita, 2 ya mwezi uliopita), dakika 15 za mifano miwili, dakika 20 za maswali 8, dakika 7 za kusahihisha pamoja. Maswali 8 yanatosha. Mtoto anayekosea akipewa 30 anafanya mazoezi ya kosa mara 30.

Uandishi ulipewa dakika 40 baada ya chakula cha mchana. Mwanzo ulikuwa umewekwa mara tu baada ya hisabati, na mtoto alikuwa amekwisha choka. Aya moja kwa wiki, siku tano. Jumatatu kuzungumza kwa Kiswahili dakika 10 na kuorodhesha maneno, si sentensi. Mtoto anayepanga kwa sentensi kamili za Kiswahili huishia kutafsiri, na Kiingereza chake kinakakamaa. Jumanne mstari mmoja kwa kila sehemu: dai, sababu, mfano, na maelezo ya mfano unavyothibitisha dai. Jumatano rasimu, dakika 25, bila kufuta. Alhamisi kurekebisha maana, jambo moja tu. Ijumaa kusoma kwa sauti na kusahihisha aina mbili za makosa zilizochaguliwa, zisizidi mbili. Alama 23 nyekundu hazifundishi mambo 23. Zinamfundisha mtoto kuandika kifupi ili akosee kidogo.

Mnyororo wa "na pia" ulishughulikiwa peke yake, dakika 10 mara mbili kwa wiki. Mtoto anapewa sentensi fupi tatu aziunganishe kwa njia mbili bila kutumia "na": "Simu ilitetemeka. Alitazama chini. Mwalimu alieleza hatua ya pili." Ikawa: "Simu ilipotetemeka alitazama chini, wakati mwalimu anaeleza hatua ya pili." Kiunganishi kinamlazimisha aamue lipi limesababisha lipi.

Kila Ijumaa masomo yalikutana. Mtoto anachagua kosa moja la hisabati la wiki na kuliandikia sentensi nne: nilifikiri nini, kwa nini nilifikiri hivyo, namba ipi inaonyesha si kweli, na sasa nafanyaje. Wiki ya tatu aliandika: "Nilifikiri 5/8 ni kubwa kwa sababu 8 ni kubwa. Lakini 3/8 ni ndogo kuliko 2/5, na 8 bado ni kubwa. Kwa hiyo namba ya chini peke yake haisemi kitu. Sasa nabadilisha zote ziwe za asili moja." Ukiitazama, ni aya ya hoja yenye ushahidi. Mama alimwonyesha hivyo, na wiki iliyofuata aya ya simu iliandikwa upya ikiwa na mfano wa dakika ngapi mwanafunzi huchukua kurudi kwenye swali baada ya kusoma meseji, kipimo alichokifanya mwenyewe kwa saa ya jikoni.

Mpango haukwenda sawa wote. Wiki ya tatu mjomba alipiga simu kutoka Dallas kusema binamu wa umri huohuo yuko kwenye aljebra. Mama akafungua kitabu siku mbili, machozi yakarudi, akakifunga. Huko Texas Aljebra ya Kwanza husomwa kwa kawaida darasa la nane au la tisa. Wiki 12 za kurudi nyuma hazimcheleweshi mtoto wa darasa la saba kitu. Wiki ya sita, mama akitoka zamu ya usiku, aliacha maswali 5 ya zamani ili kupunguza kazi. Siku kumi baadaye mtoto alijumlisha 2/3 + 1/4 akaandika 3/7. Ufahamu haukuwa umepotea, ulikuwa haujakomaa. Maswali ya zamani yakarudishwa, na kipindi kikasogezwa hadi saa nne na nusu asubuhi ili mama alale kwanza. Kosa la tatu lilikuwa kwenye uandishi: mama alikuwa anatoa mifano, mtoto anaiandika. Aya zikapendeza ghafla mno. Dawa ikawa kanuni ya kalamu: siku ya Jumatatu na Jumanne mama hashiki kalamu na hasemi sentensi isiyo na alama ya kuuliza.

Ule muundo wa dai, sababu, mfano na maelezo nao ukaanza kukakamaa kufikia wiki ya nane, kila aya inaanza na dai na sentensi ya tatu ni "Kwa mfano". Hilo si la kuogopa. Ni gango, na gango hutolewa mfupa ukishaunga. Wiki ya tisa aliambiwa aanze na mfano, dai lije mwishoni.

Kipimo cha wiki ya 12, maswali yaleyale kwa namba nyingine: namba nzima 4, sehemu 5, hasi 4, mpangilio 3, milinganyo 2. Jumla 18. Alikosa kutoa moja yenye kukopa, 4 na 1/6 − 2 na 5/6, na mlinganyo wa (2/3)x = 8, ambapo alizidisha kwa 2/3 badala ya kugawanya. Insha ya mwisho ilikuwa aya tatu, maneno 270 hivi, yenye makosa 9 ya tahajia ambayo hayajashughulikiwa bado.

Kinachofuata ni uwiano na asilimia, ambavyo ndivyo kiini cha hisabati ya darasa la saba Texas, na sehemu zake sasa zinaweza kuubeba. Swali la Jumatatu limekwisha andikwa ubaoni: unga vikombe 3 unatoa chapati 8, wageni ni 20, kila mmoja chapati 2. Andika makadirio kwanza.